Kujitolea Kufundisha (2): Mabinti wa Mumbai na Watoto wa Mkiani

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi mtoto wa familia masikini anavyoweza kukaa darasani miaka mitatu bila kujua kusoma. Leo tumtazame anayejitokeza kumsaidia, yaani mwalimu wa kujitolea. Nawapeleka India, kwa kuwa ni nchi chache mno zilizoipima kazi ya mwalimu huyu kwa makini kama ilivyopimwa huko.

Shirika la Pratham lilianza mwaka 1995 katika mitaa ya mabanda jijini Mumbai. Mmoja wa waanzilishi wake, Madhav Chavan, alikuwa msomi wa kemia. Shirika hilo lilitafuta mabinti wa mtaani waliomaliza sekondari, likawapa mafunzo ya wiki mbili hivi na posho ndogo, kisha likawakabidhi watoto wa darasa la tatu na la nne walioachwa nyuma. Waliitwa balsakhi, rafiki wa mtoto. Kila mmoja alichukua watoto 15 hadi 20 kwa saa mbili hivi kila siku ya shule, akakaa nao popote palipokuwa na nafasi, hata kwenye korido au uwanjani.

Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliokuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na wenzao, waliufuatilia mpango huo Mumbai na Vadodara kati ya 2001 na 2003. Alama zilipanda, na waliopanda zaidi ni watoto wa mkiani. Binti asiye na cheti cha ualimu aliwavusha watoto walioshindikana darasani!

Tusikimbilie kumlaumu mwalimu wa darasa. Yeye hudaiwa amalize muhtasari, na mkaguzi akija huuliza mada imefika wapi. Balsakhi hakudaiwa hilo. Kama mtoto hajui herufi, alianza naye na herufi. Mtoto akishazijua, wakaenda kwenye maneno. Kwa maoni yangu, ruhusa hiyo ya kurudi nyuma ndiyo siri ya mpango mzima.

Kujitolea bila malipo kulijaribiwa katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh, miaka ya 2005 na 2006. Vijana wa vijijini walifundishwa kwa siku chache tu, wakaendesha madarasa ya kusoma nje ya saa za shule. Watoto walioingia bila kutambua hata herufi moja, wakahudhuria, walitoka wakizitambua. Lakini katika kila watoto 100 wasiojua kusoma, waliofika ni 13 hivi. Wengi waliohitaji darasa hilo hawakulikanyaga. Basi anayefungua darasa la jioni ajue kwamba kuwafuata watoto majumbani na kuzungumza na wazazi ni sehemu ya kazi, tena sehemu ngumu.

Jaribio lingine, la jimbo la Uttarakhand, linatuhusu zaidi. Huko watu wa kujitolea walipelekwa ndani ya shule, na shule zikawageuza walimu wa kawaida wa kuziba mapengo. Matokeo ya watoto hayakusogea. Katika jimbo la Bihar, ambako walifundisha nje ya saa za shule kwa mbinu yao wenyewe, watoto walisonga mbele.

Sasa tazama shule zetu. Kijana aliyehitimu ualimu na kukosa ajira anajitolea kwenye shule ya kata au ya msingi, analipwa kidogo kutokana na michango ya wazazi, na siku ya kwanza anakabidhiwa darasa zima pamoja na muhtasari wake. Moyo anao, lakini tumemweka palepale alipokwama mwenzake mwenye ajira.

Nasi tuna pa kuanzia. Kuanzia 2009 mpango wa Uwezo, uliojifunza kutokana na upimaji wa ASER wa India, uliwatumia watu wa kujitolea kuwapima watoto nyumbani kwao Kenya, Tanzania na Uganda, mmoja mmoja, kuanzia herufi hadi hadithi fupi. Mwalimu mkuu anaweza kupima vivyo hivyo, kisha akampa kijana huyo saa moja kila siku na watoto ambao bado wako kwenye herufi, wawe wa darasa la tatu au la tano, muhtasari ukiwekwa kando kwa saa hiyo.

Sehemu ijayo itaeleza saa hiyo inavyoendeshwa, hatua kwa hatua.