Kuku wa Karanga na Majani ya Maboga katika Sufuria Moja

Wilaya ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, hupata mvua nyingi, na kwa ajili hiyo mpunga, ndizi na michikichi hustawi. Lakini unyevu huohuo huharibu karanga zisizokaushwa vema, nazo ndizo ziupazo mchuzi wa kuku uzito wake. Kwa hiyo mpishi huanza kwa kuzichambua. Zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi hutupwa, wala hawapewi mifugo. Sumukuvu iliyomo haiondolewi na moto wa jikoni. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kuku mmoja wa kienyeji hukatwa vipande na kuchemshwa kwa chumvi na tangawizi hadi alainike. Supu humiminwa bakulini, na katika sufuria ileile vipande hukaangwa kwa mawese kidogo pamoja na kitunguu na nyanya. Kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa hukorogwa katika supu, kisha humiminwa juu ya kuku. Moto hupunguzwa, na mwiko hauachwi, kwani karanga hushika chini upesi. Mchuzi ukiwa mzito, majani ya maboga yaliyotolewa nyuzi na kukatwakatwa hutiwa, yakaiva kwa dakika 10.

Mafuta ya karanga na mawese huusaidia mwili kupata vitamini A kutoka katika majani. Chakula hiki huliwa kwa wali, na kitoweo na mboga huwa vimetumia kuni za sufuria moja.