Mashine ya umeme mgongoni: Je, yapunguza uchungu wa uzazi?

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawakusema kuwa ni lazima aujue wote bila ya msaada, na hilo ndilo jambo ambalo akina mama waja wazito wa Bondeni na Majengo hutuuliza sisi madaktari. Baadhi yao huja na kijisanduku kisichozidi ukubwa wa simu, chenye nyaya na vibandiko vinne, walicholetewa na ndugu aliyeko Uingereza au Ghuba. Wameambiwa kwamba mama akijibandika mgongoni atazaa bila ya sindano wala vidonge, na uchungu hautamsumbua. Je, ni kweli?

Ni kweli kwa kiasi. Mashine hiyo, ijulikanayo kama TENS, haina dawa ndani yake. Hutumia betri, kwa hivyo hata stima zikipotea haizimiki, na hupitisha umeme hafifu kwenye ngozi hadi kwenye mishipa ya fahamu. Mama husikia kuchomwachomwa, mfano wa mguu ulioingia ganzi unapoanza kuamka.

Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza, walieleza kwamba katika uti wa mgongo mna kitu mfano wa mlango. Habari za maumivu hupitia hapo zikielekea ubongoni. Habari za mguso nazo hupitia papo hapo, na zikija kwa wingi huufinya mlango, maumivu yakapita kwa shida. Ndiyo sababu mtu akijigonga mguu kwenye kizingiti, mkono huenda wenyewe kusugua pale palipoumia. Na ndiyo sababu wakunga wetu, ambao hawakumsoma Melzack wala Wall, walijua kumkanda mama kiunoni kila uchungu unapomjia. TENS ni mkono huo uliotiwa betri. (Umeme wenyewe si mgeni katika utabibu. Katika karne ya kwanza, tabibu wa Kirumi Scribonius Largus aliwatibu wenye kuumwa na kichwa kwa kuwawekea samaki wa jamii ya taa mwenye umeme mwilini. Heri vibandiko.)

Wataalamu waliolinganisha majaribio mbalimbali mwaka 2009 hawakuona tofauti kubwa ya maumivu baina ya akina mama waliotumia TENS na wasioitumia. Hata hivyo, wengi wa walioitumia walisema wangependa kuitumia tena. Mimi silidharau neno lao. Mama anayeshika kitufe na kuongeza nguvu mwenyewe uchungu unapopanda ana angalau jambo moja analolitawala, katika siku ambayo kila mtu anamwamuru. Lakini mwaka 2007 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba iliwashauri wahudumu wasimpe mama mashine hii uchungu ukishakolea. Faida yake, ikiwapo, ni katika zile saa za mwanzo, mama akiwa bado nyumbani.

Na hapo ndipo penye hofu yangu. Mama wa mimba ya kwanza akijiona anastahimili, na mavyaa wake akimsifu kwamba hana makelele, huenda akachelewa kutoka. Kutoka Bondeni hadi Hospitali Kuu ya Pwani si mbali, na ufupi wa mwendo huo ndio unaowadanganya watu, wakasubiri hadi usiku wa manane ndipo waanze kutafuta tuktuk. Wakati wa kuondoka haupimwi kwa ukali wa maumivu. Uchungu ukija kila dakika tano na kushika kwa dakika nzima, nenda, hata kama unaweza kucheka. Na kama damu inatoka, chupa imepasuka, mtoto amepunguza kucheza, au kichwa kinauma sana na macho yanaona kiwi, usingoje hesabu ya dakika. TENS haizuii damu wala haishushi presha.

Anayetaka kuitumia na aanze mapema, kwani huchukua muda mwili kuizoea. Vibandiko viwili huwekwa pande mbili za uti wa mgongo, karibu na pale sidiria inapofungwa, na viwili chini, juu kidogo ya makalio. Ngozi iwe kavu. Mgongo uliopakwa mafuta ya nazi haushiki vibandiko, kwa hivyo anayekanda na mashine wapeane zamu, na kwa joto letu la Mombasa uwe na kitambaa cha kufutia jasho. Usioge nayo. Usiiweke tumboni. Usiitumie kabla ya wiki ya 37, wala ikiwa una kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Mwenye kifafa amwone daktari kwanza. Tena angalia usije ukauziwa mashine ya kutikisa misuli, ile ya kupunguza unene. Kwa macho zafanana, lakini kazi yake ni nyingine kabisa.

Asiye na mashine hana sababu ya kusikitika. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2018, lilipendekeza mama awe na mtu amtakaye kando yake, atembee, akandwe, awekewe kitambaa cha moto. Shirika hilo lilipendekeza pia dawa, kama pethidini au sindano ya kutia ganzi mgongoni, kwa mama mwenye afya njema anayeziomba. Kuziomba si aibu wala si udhaifu, ingawa ile ya mgongoni haipatikani katika kila hospitali.

Kwa hivyo uliza mapema, ukiwa bado unahudhuria kliniki: hospitali utakayozalia wana dawa gani ya maumivu? Wataruhusu dada au somo wako aingie nawe? Na mashine je, itakubaliwa wadini? Huenda ukatakiwa kuizima mara kwa mara, kwa sababu umeme wake waweza kuvuruga chombo cha kupima mapigo ya moyo wa mtoto.