Goma: Basketi bila goli, mazoezi ya uani yanatosha kumwinua mchezaji

Jonathan Kuminga alizaliwa Goma Oktoba 2002, miezi tisa hivi baada ya lava ya Nyiragongo kupita katikati ya mji. Alianza kucheza basketi hapo kabla ya kwenda Marekani mwaka 2016. Mwaka 2021 Golden State Warriors walimchukua katika nafasi ya 7 kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, na Juni 2022, akiwa na miaka 19, akawa bingwa wa ligi hiyo.

Habari hiyo kila kijana wa Goma anaijua. Lakini wengi wao hawachezi ili wafike NBA. Wanacheza baada ya shule au baada ya kufunga biashara, na shida yao ni ya kawaida: jirani yuleyule anawapita kila Jumamosi, mpira ni mmoja, na goli liko mtaa mwingine.

Shirika la Promo Jeune Basket limekuwa likiwakusanya vijana wa mji na kuunganisha mchezo na masomo. Asiye na nafasi huko anabaki na ua wa nyumbani. Tangu M23 ilipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, mtu hupima njia na saa kabla ya kwenda kiwanja cha mbali, na ikifika saa kumi na mbili jioni giza linaanza kuingia. Kwa hiyo swali la nini kinaweza kufanyika uani si dogo.

Kinaweza kufanyika kingi. James Naismith alipoubuni mchezo huu Springfield, Marekani, Desemba 1891, alitumia mpira wa miguu na vikapu vya matunda vilivyopigiliwa kwenye ukingo wa roshani. Urefu wa roshani ile, mita 3.05, ndio urefu wa goli hadi leo. Na katika sheria zake 13 za mwanzo mchezaji hakuruhusiwa kukimbia na mpira. Alisimama, akatafuta mwenzake, akapasia. Ukitazama mechi za mitaani utaona hilo ndilo wengi wameruka.

Ardhi ya Goma nayo ina tabia yake. Penye changarawe ya lava mpira haurudi mahali ulipotarajiwa. Wengi hulalamika, lakini ukidunda chini chini, usawa wa goti, mkono wa kushoto kisha wa kulia, macho yakiwa mbele, mkono unajifunza kuutafuta mpira wenyewe. Siku utakapopata sakafu ya saruji utashangaa jinsi unavyotii. Mpira wa raba hustahimili mawe kuliko wa ngozi, ambao hapa huchubuka upesi. Ukuta wa mawe ya volkano pia haufai kwa pasi. Tafuta uliopigwa lipu, na umwombe mwenye nyumba kwanza.

Kutupa bila goli kunawezekana. Lala chali, tupa mpira juu kwa mkono mmoja, mwingine ukiuegemeza tu. Ukirudi kiganjani bila wewe kusogea, umenyooka. Ukiangukia pembeni, kiwiko kimetoka nje. Kisha pima mita 3.05 ukutani kwa kamba, chora alama kwa chaki, urudi nyuma mita 4.60, umbali wa mtupo huru kutoka kwenye ubao. Tupa mara 50, andika daftarini umegonga alama mara ngapi. Daftari halibembelezi mtu: wiki ya pili huenda idadi ikashuka, na hapo wengi huacha.

Wachezaji wakiwa kumi na mpira mmoja, wanane wasikae wakingoja zamu. Ulinzi hauhitaji mpira. Magoti yamekunjwa, mikono wazi, unateleza pembeni bila kuvuka miguu, kutoka mlangoni hadi kwenye pipa la maji na kurudi. Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyefariki Septemba 2024, alifika Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akitaka kusomea udaktari. Alimaliza NBA akiwa amezuia mitupo 3,289, na mara nne alitajwa mlinzi bora wa mwaka. Kimo chake hakigawiwi, lakini kusoma hatua za mpinzani kunafundishika.

Kusimama kwa miguu miwili na kugeuka juu ya mguu mmoja pia havidai kifaa. Wasichana wanaorudi kutoka kuchota maji jioni, wakiwa na dakika ishirini tu kabla ya kazi za nyumbani, wanaweza kufanya hatua hizo kwenye kivuli cha mlango.

Na mpira? Ulale ndani, mbali na jua. Sindano ya pampu ilowanishwe kabla ya kuingizwa, maana tundu likipasuka, wachezaji wote kumi wamekwisha siku hiyo.