Kazi ng'ambo, dawa nyumbani

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunazungumza na familia ambazo mmoja wao analala nchi hii na kutafuta riziki nchi nyingine. Nao si wachache. Magari ya mahindi na mpunga kutoka Sibwesa na vijiji jirani hushuka hadi Ikola na Karema, na mzigo huvushwa kwenda Moba na Kalemie, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Pamoja na mzigo huenda watu: mwenye mali, wapakiaji, mpishi wa boti, mama wa dagaa, kijana anayetafuta kibarua kambini kwa wavuvi. Bandari ya Karema ilijengwa upya, na mwaka huohuo wa 2022 Kongo ikaingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Safari zimekuwa jambo la kawaida.

Mahali pengine mtu huvuka mpaka kila siku. Pale Tunduma, mkoani Songwe, mji umeshikana na Nakonde ya Zambia. Mtu anakunywa chai kwake Tanzania, anauza duka Zambia, na jioni anarudi kulala. Vivyo hivyo kati ya Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda, ambako maelfu wamezoea kuvuka kwa miguu, wengi wao akina mama wenye mizigo kichwani. Kwetu ziwa ni pana, kilometa 50 na zaidi, kwa hiyo anayevuka hukaa wiki, mwezi, au msimu mzima.

Safari hizi zinalisha watoto na kulipa ada. Hatuzipingi. Tunachosema ni kimoja: anayefanya kazi ng'ambo lazima asafiri na afya yake yote, yaani dawa zake, kadi zake, na mtu wa nyumbani anayejua hali yake. Tunaowapokea wakiwa hoi wodini, wengi wao hawakuugua ugonjwa mgeni. Walikuwa na ugonjwa uliokwisha kujulikana na dawa walikwisha kupewa. Dawa zikakatikia safarini.

UGONJWA HAUJUI MPAKA

Historia yetu inatufundisha. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa mkoani Kagera, mkoa unaopakana na Uganda na wenye biashara nyingi ya kuvuka mpaka. Watu wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara. Jina hilo linaonyesha kwamba wananchi waliona mapema njia uliyopitia.

Ziwa letu nalo lina kumbukumbu yake. Mwezi Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika katika kijiji kidogo cha Kagunga, mkoani Kigoma, bila vyoo wala maji salama ya kuwatosha. Kipindupindu kikazuka, na watu zaidi ya 30 wakafariki kabla ya ugonjwa kudhibitiwa. Meli ya MV Liemba ndiyo iliyotumika kuwahamisha watu kutoka pale. Anayefika kwenye kambi ya wavuvi isiyo na choo akumbuke Kagunga.

KIFUA KIKUU: MIEZI SITA HAIPUNGUI

Tuchukue mfano wa baba mmoja anayekohoa. Amepimwa makohozi, amekutwa na kifua kikuu, ameanza dawa. Tiba ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya dawa nne kwa pamoja, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Baada ya miezi 2 kikohozi kimekatika, mwili umerudi, nguvu zipo. Anasikia ng'ambo kuna kazi nzuri. Anavuka akiwa na vidonge vya wiki mbili, anakaa miezi mitatu.

Vijidudu vilivyobaki kifuani havikufa. Vilikuwa vimelala. Dawa zikikatika vinaamka, na safari hii vinaweza kuwa vimezizoea zile dawa. Huo ndio tunaouita kifua kikuu sugu. Tiba yake ni ngumu zaidi, dawa zake zina maudhi zaidi, na wako wanaopoteza maisha. Zaidi ya hayo, anaporudi na kulala chumba kimoja na mkewe na watoto, anawaambukiza usugu uleule. Mtoto mchanga ataanza na ugonjwa ambao dawa za kawaida haziuwezi.

Kwa hiyo, uliye kwenye dawa za kifua kikuu, usiondoke kimyakimya. Mweleze mhudumu wako unakwenda wapi na kwa siku ngapi. Kuna barua ya rufaa inayokuhamishia kituo kingine, na kuna mpango wa dawa za safari. Mhudumu hawezi kupanga safari asiyoijua. Kama kazi inaweza kungoja miezi 4 iliyobaki, ingoje. Ziwa halihami.

VIRUSI VYA UKIMWI: KOPO LISIBAKI NYUMBANI

Tangu mwaka 2016 Tanzania humwanzishia dawa kila anayekutwa na virusi, bila kungoja augue. Anayezimeza vizuri kila siku huishi miaka mingi na kufanya kazi zote. Na virusi vikishafubazwa kabisa, kipimo kikathibitisha hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ndoa. Hii ni habari njema kwa mume na mke wanaoachana miezi kisha wakaonana. Lakini inategemea kidonge cha kila siku, pamoja na siku za ng'ambo.

Wanaoshindwa tunawajua sababu zao. Mmoja anaogopa wenzake kambini wataliona kopo. Mwingine alihesabu siku 30, boti ikachelewa kwa upepo, zikawa 45. Mwingine kopo lilinyeshewa. Basi fanya haya:

1. Omba dawa za miezi mingi. Aliyetulia kwenye tiba anaweza kupewa za miezi 3 au hata 6 kwa mara moja.

2. Beba za ziada kuliko siku ulizopanga. Hesabu siku za safari, kisha ongeza angalau wiki mbili.

3. Zigawe. Baadhi ziwe kwenye mzigo, baadhi mwilini mwako, zimefungwa mara mbili kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Mzigo unaweza kutoswa ziwani wakati wa dhoruba.

4. Usizimimine kwenye karatasi tupu. Kopo au pakiti yenye jina la dawa ndiyo itakayomsaidia mganga wa kule kujua unatumia nini.

5. Angalia saa. Moba na Kalemie wako nyuma yetu kwa saa moja, na Nakonde pia. Saa mbili usiku ya Karema ni saa moja usiku ya Moba, na simu hujibadili yenyewe ikishika mtandao wa kule. Tofauti hiyo ya saa moja haidhuru. Kinachodhuru ni kuchanganyikiwa, ukaruka siku.

Ushauri huu unamhusu pia mwenye shinikizo la damu, kisukari au kifafa. Hizo nazo ni dawa za kila siku. Kuziacha wiki mbili kwa sababu hujisikii vibaya ni kukaribisha kiharusi katikati ya maji, mbali na hospitali.

KISWAHILI KIMOJA, KARATASI MBILI

Upande wa pili wa ziwa tunaelewana kwa Kiswahili, lakini kumbukumbu za hospitali za kule huandikwa Kifaransa. Malaria wao huiita palu, na UKIMWI ni SIDA. Kwa hiyo mwombe mhudumu wako akuandikie kwenye kikaratasi jina halisi la kitaalamu la dawa, si jina la kiwanda, pamoja na kipimo chake na tarehe uliyoanza. Majina hayo ya kitaalamu yanakaribiana sana kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, na mganga wa Kalemie atayasoma bila shida. Piga picha kadi yako kwa simu, lakini usitegemee simu peke yake, kwa kuwa chaji huisha.

Kadi nyingine ni ya manjano, ya chanjo ya homa ya manjano. Kongo huidai kwa anayeingia, na Tanzania huidai kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo. Sindano ni moja tu, na tangu Julai 2016 cheti chake kinatambuliwa kwa maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usichanjwe asubuhi ya safari. Kununua kadi bila kuchanjwa ni kujidanganya: mbu hasomi kadi.

Pita pia mahali halali na ukiwa na hati yako ya kusafiria. Anayeshukia vichakani usiku anakwepa wapima afya, na akiugua anaogopa kwenda hospitali asije akakamatwa. Wengine hufikia kununua vidonge vya barabarani hadi hali inapokuwa mbaya.

MPAKA UNAWEZA KUFUNGWA GHAFLA

Tarehe 1 Agosti 2019 mpaka wa Goma na Gisenyi ulifungwa kwa saa kadhaa kwa ajili ya Ebola, watu wakiwa upande huu na kazi zao upande ule. Mwezi Mei 2020 Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya korona. Na kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane, wavuvi wakalazimika kubadili makazi na mipango kwa miezi mitatu.

Wenye dawa za akiba walisubiri. Asiye na akiba alianza kukosa siku ya kwanza. Ndiyo maana tunasisitiza zile wiki mbili za ziada.

MTOTO NA MAMA MJAMZITO

Mama anayevuka na mtoto mgongoni abebe kadi ya kliniki ya mtoto. Chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi 9 na hurudiwa akiwa na miezi 18. Tarehe ikiangukia safarini, mpeleke kabla ya kuondoka kama imefika, au mara tu unaporudi. Usiseme imepita basi. Mtoto aliyebaki kwa bibi naye ana tarehe zake: mwachie bibi kadi, na umwonyeshe imeandikwa nini.

Mama mjamzito asivuke katika miezi ya mwisho kwa ajili ya biashara. Uchungu ukimkuta katikati ya ziwa, hakuna mkunga wala damu ya kuongezwa.

UKIWA KULE, NA UKIRUDI

Maji ya ziwa yanaonekana masafi, lakini yachemshe au tia dawa ya maji. Akianza mtu kuharisha maji meupe kama maji ya mchele, huenda ni kipindupindu. Mpe mara moja maji ya chumvichumvi ya pakiti, lita 1 kwa pakiti 1, huku mkimkimbiza kituoni. Pakiti ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usizidishe chumvi.

Homa ikikushika, pimwa malaria siku hiyohiyo. Dawa ya mseto humezwa mara 6 kwa siku 3, pamoja na chakula. Ukimaliza nusu na kuweka nusu akiba, umejiachia ugonjwa.

Ukirudi na homa, vipele au kikohozi kisichokoma, mweleze mhudumu jambo la kwanza: nimetoka Kongo, nimekaa siku kadhaa. Si aibu, wala hatakushtaki. Neno hilo moja linaweza kuokoa kijiji kizima. Na mume na mke wanaokutana baada ya muda mrefu waende kupima virusi pamoja. Kulaumiana hakuponyi. Uaminifu na ukweli hulinda nyumba.

ANAYEBAKI NYUMBANI

Tunamalizia na anayebaki. Kabla boti haijaondoka, awepo mtu mmoja wa kuaminika, mke, mume au ndugu, anayejua mambo manne: msafiri anaumwa nini, anatumia dawa gani, zinaisha lini, na anatibiwa kituo gani. Kama ugonjwa ni kifua kikuu, wote waliolala naye chumba kimoja wapimwe, na watoto chini ya miaka 5 wapewe dawa za kinga iwapo mganga ataona hawana ugonjwa. Siri ya ugonjwa unaoambukiza si heshima kwa familia.

Wahenga wa bahari walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Anayevuka kwenda kazini atarudi kulala kwake. Tuhakikishe anarudi na mapato, na pia na kopo ambalo vidonge vyake vimemezwa kwa hesabu. Wewe unayesoma haya na una mtu ng'ambo, mpigie simu leo jioni umwulize swali moja tu: umebakiza dawa za siku ngapi?