Plani haibadilishwi kwa mdomo

Ndugu mutumikaji, na wewe mama wa nyumba,

Wengi kati yenu munajenga. Moja amepata kiwanja pembeni ya Lubumbashi, mwingine Kipushi au Kolwezi. Kila nyuma ya malipo ananunua simenti kidogo na matofali kidogo, apate mahali pa kulala na watoto siku atakapoacha kazi. Ni akili nzuri. Lakini mutauliza: ukurasa huu wa afya unatafuta nini katika mambo ya matofali? Jibu ni fupi. Nyumba mbaya inaua, sawa na maji machafu. Na mara nyingi ubaya wake hautoki kwa simenti. Unatoka kwa kitu kidogo kilichobadilishwa juu ya plani, bila kuhesabu na bila kuandika.

Plani za nyumba ni za namna mbili

Ya kwanza inaonyesha nyumba kwa jumla: vyumba, milango, madirisha, mahali pa choo. Mara nyingi inachorwa kwa kipimo cha 1/100, maana yake santimetre 1 ya karatasi ni metre 1 ya nyumba. Ya pili ni plani ya vipande. Hii inachorwa kubwa zaidi, kwa 1/20 au 1/10, na inaonyesha namna kila kitu kinavyoshikana: chuma gani ndani ya beto, musingi wa upana gani, miti ya dari imefungwa na nini juu ya ukuta, matundu ya hewa yako wapi. Watu wengi wanalipia ile ya kwanza na kuiacha ya pili. Wanasema fundi anajua. Fundi anajua kazi ya mikono yake, ndiyo. Lakini sheria ya ujenzi inataka hesabu, na hesabu inakaa katika plani ya vipande.

Jambo lililotokea Kansas City

Sikilizeni mambo ya hoteli moja ya Marekani, Hyatt Regency ya muji wa Kansas City. Ilifunguliwa mwaka wa 1980. Ndani ya sebule yake kubwa kulikuwa madaraja ya kupitia watu, yametundikwa kwa fimbo za chuma kutoka dari. Daraja la etaji ya 4 lilikuwa juu, na daraja la etaji ya 2 lilikuwa chini yake kabisa.

Tarehe 17 mwezi wa 7 mwaka wa 1981, magaribi, watu wengi walikuwa pale kwa ngoma. Wengine walicheza chini, wengine walisimama juu ya madaraja kutazama. Daraja la juu likakatika, likaanguka juu ya la chini, na yote mawili yakaangukia watu. Walikufa watu 114. Zaidi ya 200 waliumia.

Sababu ilikuwa nini? Plani ya kwanza ilisema fimbo moja ndefu itoke dari, ipite katika daraja la juu, ishuke mpaka la chini. Kampuni ya kutengeneza vyuma iliona kazi hiyo ni ngumu, ikaomba kutumia fimbo mbili fupi: moja kutoka dari mpaka daraja la juu, ya pili kutoka daraja la juu mpaka la chini.

Ninyi munaofanya kazi shimoni mutafahamu upesi. Watu wawili wanashika kamba moja, kila mutu kwa mikono yake. Kamba inabeba wawili, lakini mikono ya kila moja inabeba mutu moja tu. Sasa mwambie yule wa chini aache kamba, ashike miguu ya mwenzake. Mikono ya yule wa juu inabeba watu wawili. Ni vile ilivyokuwa Kansas City. Ekuru iliyoshika daraja la juu, na boriti iliyokaa juu yake, zilipata muzigo mara mbili.

Wachunguzi wa serkali walipima nyuma. Wakaona kwamba hata plani ya kwanza ilifikia kama 60 kwa 100 tu ya nguvu iliyotakwa na sheria ya ujenzi ya muji ule. Yale mabadiliko yakashusha nguvu mpaka kama 31 kwa 100. Hakuna aliyehesabu upya.

Nani alikubali?

Hapa ndipo penye fundisho. Watu wa vyuma walisema waliomba ruhusa kwa simu na wakakubaliwa. Mainjenyeri walikana. Hakuna karatasi ya kuonyesha nani alisema kweli. Lakini plani za vyuma zenye fimbo mbili zilikuwa na muhuri wa injenyeri. Muhuri ulipigwa, na kile kipande hakikuhesabiwa. Mainjenyeri wawili walinyanganywa ruhusa ya kazi katika jimbo la Missouri.

Sisi wa hospitali tunajua jambo hili kwa fishi ya mugonjwa. Kama muganga anabadilisha dawa asubuhi na haandiki, yule wa usiku atatoa dawa ya zamani, au atatoa zote mbili. Kwa hiyo kila badiliko linaandikwa, na siku, na sahihi ya aliyeamua. Plani ni fishi ya nyumba.

Katika viwanja vyetu

Hatujengi hoteli. Lakini mabadiliko ya mdomo ni mengi. Haya matatu yanafika mpaka hospitali:

1. Kuziba matundu ya hewa. Plani iliyaweka juu ya madirisha. Inafika mwezi wa 6 na wa 7, baridi inauma, baba anaziba matundu kwa udongo, na usiku mama anaingiza mbabula ndani. Makala yanatoa hewa yenye sumu, haina rangi wala harufu. Watu wanalala na hawaamuki. Tena kifua kikuu kinapita kwa hewa ya chumba kilichofungwa, na mutumikaji aliyekula vumbi la mawe miaka mingi anakipata upesi kuliko wengine. Musizibe matundu. Wekeni wavu juu ya mbu, na mbabula ibaki inje.

2. Kusogeza choo. Plani iliweka shimo la choo mbali na kisima. Mwenyewe anaongeza chumba cha kupangisha, na fundi anachimba choo kipya pale palipobaki nafasi. Watu wa afya wanashauri metre 30 kati ya choo na kisima. Tena chini ya shimo kusifike karibu na maji ya udongo: kubaki metre 1 na nusu kwa uchache, hata wakati wa mvula. Anayesogeza choo bila kupima analeta kuhara kwa watoto wake na kwa jirani.

3. Kuongeza etaji. Musingi ulihesabiwa kwa nyumba ya chini tu. Kama unapandisha ukuta mwingine juu, ni yule mutu wa kamba: mikono ile ile, muzigo mara mbili. Nyufa zinazotoka kona za madirisha na kupanda kwa upande ni alama ya hatari. Musizifiche kwa chokaa. Muite mwenye kujua.

Karatasi za kuweka

Kwetu Kongo ruhusa ya kujenga ni lazima. Dekre ya tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka wa 1957 ilipanga mambo ya ujenzi wa miji, na arete ya waziri ya tarehe 26 mwezi wa 6 mwaka wa 2013 ilipanga namna ya kutoa ruhusa hiyo. Mbele ya kuchimba musingi, nenda kwa biro ya urbanisme uliza karatasi zinazotakwa. Kisha weka katika fardi moja, mahali pakavu:

– karatasi za kiwanja;
– ruhusa ya kujenga;
– plani ya jumla na plani za vipande, zenye sahihi;
– daftari la mabadiliko: siku gani, kitu gani, nani aliomba, nani alihesabu, nani alikubali.

Fundi akisema, «Baba, tupunguze chuma hapa, haina neno», usigombane naye. Mwambie: «Tuandike, tumupelekee aliyechora, tungojee jibu lake». Kama jibu ni ndiyo, litakuja na sahihi. Kama haliji, kazi ya kipande kile isimame.

Mama, wewe unayekaa nyumbani muchana wakati fundi anatumika, ujue fardi hiyo iko wapi. Siku baba yuko shimoni, ni wewe utakayeulizwa.