Rangi ya Chuma cha Moto na Umande wa Bati

Ndugu mkulima, leo tunazungumza na wewe unayeanika michembe. Baada ya kuvuna viazi vitamu, hapo Sola na vijiji vingine vya Simiyu, unavikata vipande na kuvitandaza juu ya jabali, au juu ya bati. Vinashinda juani mchana kutwa. Asubuhi unavikuta vimelowa, na mvua haikunyesha! Watu husema umande umeanguka. Haukuanguka. Ili ujue umetoka wapi, inatubidi tuanzie mbali kidogo, kwa mhunzi.

Mhunzi anapotia jembe motoni, mwanzoni chuma ni cheusi vilevile, lakini ukisogeza uso karibu unahisi joto lake. Kikifika kiasi cha nyuzi 525 za Sentigredi kinaanza kuwa na wekundu hafifu, tena wa kuonekana gizani tu. Kwenye 700 ni chekundu hasa. Kwenye 900 na kitu kinaelekea rangi ya chungwa, kwenye 1,100 ni njano, na kikipita 1,300 kinakaribia weupe. Hapo mhunzi hukitoa upesi, maana chuma kitaungua kirushe cheche. Hana kipimajoto, rangi ndiyo kipimo chake. Ndiyo maana anafanya kazi kivulini. Juani angeukosa ule wekundu hafifu.

Sasa rangi hizo zinatoka wapi? Chukua redio yako. Ukizungusha kitufe unahama stesheni, na stesheni hutofautiana kwa masafa, yaani idadi ya mawimbi yanayopita kwa sekunde moja. Mwanga nao ni wa ukoo huohuo wa mawimbi ya redio, ila masafa yake ni ya juu sana. Wekundu una masafa ya chini kuliko njano, na njano ya chini kuliko buluu. Chini ya wekundu kuna mionzi ambayo jicho haliioni. Ngozi ndiyo huihisi kama joto. Hiyo ndiyo iliyokupiga usoni chuma kilipokuwa bado cheusi.

Kitu kikizidi kupata moto, mambo mawili hutokea. Mionzi yake huongezeka sana, na masafa yake hupanda. Lakini hakitangazi kwa stesheni moja. Hutangaza kwa nyingi kwa mpigo, ndiyo maana chuma hakifiki mahali kikawa kijani. Rangi zikichanganyika jicho huona weupe. Jua, ambalo uso wake una kiasi cha nyuzi 5,500, sehemu kubwa ya nguvu yake huitoa katika mwanga tunaouona.

Wataalamu walihangaika na jambo hili miaka mingi. Walilipima kwa kitu walichokiita gimba jeusi, yaani kitu kinachomeza mionzi yote inayokifikia. Tundu dogo la tanuri lafaa kabisa kuwa mfano wake. Mwaka 1900, huko Berlin, Max Planck alitoa jibu: nishati hutolewa kwa vipande, na kipande cha masafa ya juu ni ghali zaidi. Ni kama sokoni. Mwenye shilingi chache atanunua fungu la nyanya, mguu wa ng'ombe hauwezi. Chuma chenye joto kidogo hakina uwezo wa kulipia vipande vya mwanga, basi hutoa vya bei ndogo tu, visivyoonekana.

Kuhusu wingi, hesabu yake inashangaza. Joto likihesabiwa kuanzia ubaridi wa mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri, kitu cha nyuzi 27 kina 300, na chuma cha nyuzi 927 kina 1,200. Ni mara nne tu. Lakini kwa eneo lilelile, na kama vyote ni vyeusi sawasawa, chuma hicho hutoa mionzi mara 256!

Haya, turudi kwenye bati lako. Hata kitu cha nyuzi 27 hutoa mionzi, usiku na mchana. Wewe unatoa, ng'ombe anatoa, bati linatoa. Mchana jua hulipa bati kuliko linavyotumia. Usiku hakuna malipo. Mbingu ikiwa wazi na kavu, kama kiangazi, hurudisha kidogo sana, basi bati hupoa mpaka likawa baridi kuliko hewa inayoligusa. Unyevu wa hewa ile hugeuka matone palepale. Mawingu yakitanda hurudisha mionzi mingi zaidi, na asubuhi hiyo umande huwa haba.

Bati ni jembamba, halina akiba ya joto. Lenye kutu au rangi hupoa upesi kuliko jipya linalong'aa. Jabali hupoa polepole, kwa hiyo wazee waliochagua majabali hawakukosea.

Michembe iliyolowa kila usiku huota ukungu, nayo ni chakula cha miezi ya njaa. Kwa hiyo ikusanye jua likiwa bado halijazama, ikiwa na joto lake, uiingize ndani. Kama ni mingi mno, ifunike kwa turubai lililoinuliwa kidogo kwa vijiti. Mbingu italipoza turubai, na umande utakaa juu yake. Asubuhi usilivute haraka matone yakamwagikia michembe. Ngoja jua lilikaushe kwanza.