Makemba gani tupande hapa Kindu?

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama zetu wenye kubeba nyumba: mwezi wa 9 mwaka 2010, Raisi Joseph Kabila alisimamisha kazi ya mine mu Maniema na mu Kivu zote mbili. Kazi ilifunguliwa tena mwezi wa 3, 2011. Ni miezi sita bila kasiterite. Sendika inaweza kutetea bei ya mawe, lakini haiwezi kujaza chungu siku karieri imefungwa.

Makemba inaomba karibu mwaka mmoja mbele ya kukata mkungu. Kwa hiyo shamba inapandwa wakati kazi iko, si siku ya njaa.

Lakini tupande namna gani? Wengi wanaotoka Kivu wanaleta watoto wa mgomba wa kwao. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu, kuna baridi. Kindu iko kama mita 500, joto tupu. Ndizi za mlimani, zenye kuzoea baridi, hapa zinapata shida: madoa meusi yanakausha majani, na fukuzi wanatoboa shina. Makemba yetu ya pori ndiyo ya fasi hii. Na ukiipeleka Bukavu, nayo itachelewa sana kule juu ya baridi. Kila mgomba na hewa yake.

Mu makemba yenyewe kuna uchaguzi. Kuna yenye vidole vingi vidogo, na ua lake linabaki kuning'inia chini ya mkungu: hiyo ni ya nyumba yenye watoto wengi. Kuna yenye vidole vichache vikubwa, ua lake linapotea mapema: hiyo soko inaipenda. Tena ina faida ingine. Kirabiranya, ugonjwa ulioonekana Masisi mwaka 2001, unaletwa na wadudu wanaotembelea lile ua. Pasipo ua, mlango huo umefungwa. Lakini panga chafu inabaki mlango mwingine: uipitishe mu moto mbele ya kugusa mgomba wa pili.

Kama majani yanasimama yamebanana juu, mafupi, kama fagio, usichukue mtoto pale. Mgomba ule hautazaa vizuri; ung'oe na mizizi yake yote.

Ukipata mtoto mzima, mwenye majani membamba kama upanga, menya kiazi chake mpaka kiwe cheupe, kitie mu maji yenye kuchemka sekunde 30. Fukuzi na minyoo ya mizizi wanakufa, mgomba unabaki. Panda mwezi wa 9, mvua ikirudi, mita 3 kwa 2.

Mwenye nafasi apande namna zote mbili: moja ya chungu, ingine ya franga za shule. Bei ya kasiterite inapangwa mbali na sisi. Shamba, sisi wenyewe tunaipanga.